Mahudhurio ya Marehemu

Kabla ya saa tatu asubuhi Shufaa alikwisha kuchapisha barua mbili za kuomba kazi, nakala za vyeti vya kuzaliwa na tangazo la arobaini ya mtu wa Dunda. Siku hizi watu hawaji steshenari na flashi. Wanatuma kazi zao kwa wasap kwenye simu yake, naye anazitoa kwenye printa.

Shida ni kwamba simu yenyewe ilikuwa kipofu. Ilidondoka sakafuni wakati wa mfungo, kioo kikawa cheusi tii, na bei ya kioo kipya ilikuwa imepanda hadi kuushinda mshahara wake wa mwezi. Fundi alimwonea huruma, akaichomeka kwa waya kwenye kompyuta ya dukani. Tangu hapo simu ya Shufaa ilionekana nzima pembeni mwa skrini ya kompyuta, akaiendesha kwa mausi na kibodi. Ujumbe, picha, salamu za mama yake, yote makubwa kama maandishi ya ubaoni. Na skrini ile ilitazama kaunta. Tajiri wake, mwenye duka, aliigeuza mwenyewe, mteja aone makosa yake kabla karatasi haijaharibika. Wenzake walitembea na siri zao mfukoni. Za Shufaa zilikaa dukani pamoja na madaftari.

Jana Bwana Abdulwahab, mtendaji wa kijiji chao, alimletea muhtasari wa mkutano auchape. Wanakijiji sitini, ulisema, wamekubali kwa hiari yao kumwachia mwekezaji mashamba yao ya minazi. Shufaa alipofika namba ishirini na tatu vidole viligoma. Sadallah Bwanausi. Baba yake, aliyezikwa miaka minne iliyopita pembeni mwa mojawapo ya mashamba hayo, ambalo mama yake, Bi Mwaija, analitegemea mpaka leo kwa chumvi na kibiriti.

Mtendaji alipotoka, Shufaa alimtumia binamu yake Amin ukurasa ule wa majina. Hakumwambia kwamba simu yake inasomwa na kila anayesimama kaunta. Aliona haya kusema ameshindwa kununua kioo.

Saa nne mtendaji akaingia. Shufaa akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa upole, akataka nakala nne, kwani halmashauri walikuwa wanamsubiri. Shufaa akaanza na ukurasa wa majina. Printa ile ni kuukuu na karatasi yake ya kwanza hutoka imefifia. Wateja wote wanajua, na hakuna anayeihesabu. Akaitupa kwenye boksi la karatasi mbovu, anazochukua Bi Habiba kila adhuhuri kufungia karanga.

Hapo simu ikalia. Ujumbe wa Amin ukashuka kwenye skrini, mbele ya macho yao wote wawili.

"Dada Shufaa, tumeiona orodha. Baba yako namba 23. Marehemu alihudhuria mkutano upi?"

Mausi ikamteleza mkononi. Alitamani kuuchomoa waya, lakini mtendaji alikwisha kuinama juu ya kaunta, anasoma taratibu, midomo ikicheza. Shufaa aliwaza mama yake, peke yake kule shambani, na huyu mtu ndiye mwenye muhuri wa kila barua wanayoihitaji duniani.

Mtendaji hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Bado analala peke yake?"

Shufaa akaishika tena mausi.

"Futa hiyo orodha," mtendaji alisema. "Na kwao huko ifutike."

Akafuta. Mshale ulitembea kwenye skrini kubwa, na mtendaji akaufuata kwa macho kama mwalimu anayesimamia mtihani. Ukurasa aliomtumia Amin ukatoweka huku na huko. Amin kama aliuhifadhi, Shufaa hakujua, wala hakuthubutu kuuliza.

"Ahsante kwa kunionyesha kosa," mtendaji akasema. "Kweli marehemu hahudhurii mkutano. Hapo muweke mama yako."

"Mama hakwenda mkutanoni, Bwana Mtendaji. Hakuna aliyekwenda."

"Andika, mwanangu. Saini usijali."

Akaandika. Herufi moja moja, jina la mama yake likatokea kwenye skrini, hai na limekubali. Alijiona kama mtu anayemsukuma mzazi wake shimoni kwa mikono yake mwenyewe. Nakala nne zikatoka safi. Mtendaji akazihesabu, akazitia kwenye bahasha, akamwachia noti na kukataa chenji.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Bi Habiba akaja na kapu lake, akasalimia, akainamia boksi.

"Ngoja kidogo, mama," Shufaa akamwambia.

Akapekua mpaka akaipata ile karatasi iliyofifia. Ilikuwa na mistari myeupe, wino umekwenda upande, lakini namba ishirini na tatu ilisomeka: Sadallah Bwanausi, amehudhuria, amekubali. Safari hii hakuigusa mausi. Aliikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la mtandio, akampa Bi Habiba zilizobaki.