Chuma Kilichokunywa Hewa

...na bado anaongea, huyu Haruna, mtaalamu wa vyuma aliyekuja kuchunguza ajali, amekishika kipande cha mhimili wa usukani wa boti kwa ncha za vidole, na Bibiana amesimama mlangoni pa karakana yake ya kuchomelea hapa Katubuka akimtazama midomo, hewa, Mama Agape, anamwita kwa jina la mwanawe, hewa hii tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni, chuma kikiyeyuka kinainywa... kinainywa, kama Nikodemu alivyokunywa uji wake, amesimama, mume asiyejua kukaa, na asubuhi ile kule ufukweni Kibirizi alisimama vilevile, abiria wameshapanda boti yake, mhimili una ufa, mke wangu niunganishie upesi, na Bibiana alikuwa amemnunia tangu jana yake, kisa chumvi, jamani, chumvi kuzidi kwenye samaki, migebuka, na mume kusema mbele ya wageni... kikipoa, anasema Haruna, hakiwezi kuibeba yote, nyingine inatoka mapovu, ndiyo vitundu hivi, nyingine inanasa humo humo na siku zikipita inaungana na chuma chenyewe, inakuwa visindano vyembamba ambavyo jicho tupu halivioni, basi chuma kinakuwa kigumu cha bure, kikipigwa na wimbi hakinyumbuki, kinakatika... wiki tatu, wiki tatu vile visindano vilikuwa vinaota na yeye ameshapatana na mumewe, wanacheka, wanalala kitanda kimoja, mpaka usukani ulipokatika abiria wakaokolewa wote na Nikodemu, aliyekuwa ameng'ang'ania kuigeuza boti kwa kasia, akazama... kijiti cha kuchomelea kingekuwa na aluminiamu kidogo, anasema Haruna, ingeidaka hiyo naitrojeni kabla, lakini hapa moto uliwekwa mbali na chuma, na kulikuwa na upepo, hakuna aliyeukinga, nani alichomelea hapa? na mama mkwe, Mama Scola, kwenye benchi, anajibu haraka kwamba mwanawe alichukuliwa na ziwa, huyu mwanamke hana kosa, maneno ambayo Bibiana mwenyewe alimlisha siku ya msiba na tangu hapo akaendelea kumlisha, ziwa, ziwa na ukaidi wa Nikodemu... hakuna aliyeukinga, anasema, lakini alikuwapo, mbona alikuwapo, Nikodemu alikuwa amesimama upande wa ziwa amefungua koti lake kwa mikono miwili, hakuijua naitrojeni wala nini, alimwona tu mkewe siku zote akijificha upepo kwa turubai, akajifanya turubai, na yeye, fundi, aliyefundishwa chuoni shika kijiti karibu, kinga upepo, alimwambia nini...

"Ondoka hapo, unaniudhi."

...akaondoka, taratibu, akalifunga koti lake kifungo kwa kifungo, na yeye akaupeleka mkono mbali ili amalize upesi asimwone usoni, cheche zikaruka vibaya, alijua kwamba zinaruka vibaya, mkono ulijua... Mama Agape, unanisikia? anasikia, kalamu ya Haruna iko juu ya karatasi, Mama Scola ameshaanza tena, ziwa lile baba, ziwa lile, na Bibiana anauona mkono wa mama huyu juu ya goti, mkono unaomtetea, atasema, ni mimi, ila hatamwambia Haruna kwanza, atamgeukia mama huyu, atapiga magoti, na ataanzia kwenye koti.