Mikono ya Tamsin

Kila Jumatano jioni mume wangu Delmar hulia. Siku tuliyomzika mama yake hakutoa hata chozi, lakini Tamsin Brandvold akichota maji mtoni kwenye televisheni, mzee mzima anatafuta leso.

Na huyo Tamsin ni jirani yetu! Uzio mmoja tu umetutenga, hapa hapa Montana. Kipindi kinasema familia yake imeuacha ulimwengu, inaishi porini kwa jasho lake. Pori gani, jamani? Lami inapita mbele ya mlango wao, ila kamera zimeipa kisogo. Gari lao hufunikwa turubai wapiga picha wakija, na watoto wakishamaliza kuigiza njaa hujificha humo kula piza.

"Delmar, huyo ana bomba jikoni," nilimwambia.

"Wivu tu, mama. Wale ni watu wa kweli."

Watu wa kweli! Tangu tuoane ni mimi ninayemkamua ng'ombe wetu Hazel, asubuhi na jioni, baridi iwe ya kugandisha kope. Sasa viungo vya vidole vimevimba, vinaniuma hadi nashindwa kufunga vifungo vya koti. Nimemwomba Delmar kitu kimoja tu kabla theluji haijaanza: zamu ya jioni aichukue yeye. Akasema atafikiria. Anafikiria mpaka leo, kitini pake.

Juzi juzi Tamsin akaja kunigongea, anachechemea, nyuma yake yuko mwongozaji wa kipindi, kijana mwenye buti zisizojua tope.

"Shoga, niokoe. Ng'ombe kanipiga teke, na leo lazima nionekane nakamua."

"Si umekulia zizini wewe? Nimesikia kwenye televisheni."

"Nimekulia ghorofani, na unajua. Usinitese."

Yule kijana alikuwa anaikodolea macho mikono yangu. "Tutapiga picha mikono tu," akasema. "Mikono hii ina historia."

Historia! Nilikaribia kumfungia mlango. Lakini nisiwe mnafiki: nilitaka Delmar aione. Labda akiiona kwenye kile kioo cha televisheni yake ataingiwa na huruma. Basi nikavaa sweta la Tamsin, nikamkamua ng'ombe wao, nikarudi nyumbani bila kumwambia Delmar.

Jumatano ikafika. Delmar na sahani yake ya viazi mapajani, mimi nimesimama nyuma ya kiti, moyo unanidunda kama wa msichana. Mikono yangu ikajaza kioo kizima. Kidole cha mwisho kile pale, kimepinda. Alikibana Delmar mwenyewe kwa mlango wa zizi, mwaka wetu wa kwanza.

"Mama, njoo uone!" Sauti imeshaanza kukwama. "Mwone mwanamke wa shoka. Kidole kimepinda kwa kazi, maskini ya Mungu!"

"Unamwonea huruma?"

"Nani asimwonee? Na mumewe yuko wapi? Mwanaume gani huyo anakaa tu, mkewe anateseka hivi? Hana haya!"

Nikazunguka kiti, nikaunyoosha mkono wangu mbele ya macho yake, kidole kimepinda vile vile, na nyuma yake mwenzake kwenye kioo. Nikangoja.

Delmar akainamisha kichwa upande wa kushoto, kisha wa kulia.

"Toa mkono, mama. Unaniziba."

Nikautoa. Hasira ilinizidi kiasi, hadi nikatulia. Saa ya kukamua ilikuwa imeshafika, lakini nikavuta kiti cha pili nikaketi, nami nimtazame huyo mwanamke wa shoka. Tukatazama. Haukupita muda, ng'ombe akaanza kulia. Akalia tena, kwa uchungu, kiwele kimemjaa.

Delmar akafuta macho. "Sikia! Sikia anavyolia! Hiyo haiigizwi, mama. Hiyo ni kweli tupu."

"Ni kweli," nikasema, nikamwondolea sahani ya viazi, nikamwekea ndoo mapajani. "Na ni Hazel, yuko nje, anakungoja wewe."