Mbuzi Asiye na Mshono

Kwa heshima na taadhima, napenda kuwatangazia wakazi wote wa Ufukoni, wa Mtwara mjini kwa ujumla, na yeyote aliye ng'ambo ya Ruvuma anayeweza kunisikia, kwamba mimi, Idrisa Mohamedi, mwanafunzi wa kidato cha tatu na kiranja msaidizi wa usafi wa bweni, nimeshiriki kikamilifu katika kutengeneza mbuzi asiye na mshono hata mmoja mwilini mwake.

Mbuzi mwenyewe ana urefu wa kiganja. Shingo yake imepinda kama mtu anayechungulia dirisha la jirani, na mguu mmoja umeizidi mingine kwa nusu kidole. Lakini mshono hana. Naomba hilo lizingatiwe mapema, kwa sababu mengi yanayofuata hayanipi sifa.

Yote yalianza na sikio la sungura. Mwezi wa nne Bibi yangu, Bibi Mwanakombo, alimfumia mjukuu wake Hafsa sungura wa uzi. Hafsa ni binti wa baba yangu mdogo Hemedi, ana miaka miwili, na kila anachokishika anakijaribu kwa meno. Bibi alifuma kichwa peke yake, masikio peke yake na miguu peke yake, kisha akavishona pamoja kama anavyofanya kila mtu. Siku ya tatu Hafsa aling'oa sikio la kushoto, akameza nusu. Walimkimbiza hospitali, akalitapika njiani kwenye shati la baba yake, na ilitakiwa mambo yaishie hapo.

Hayakuishia hapo. Mama yake, mama mdogo Mwanahamisi, alisema kwa upole, ule upole unaotisha kuliko kelele, kwamba pengine macho ya mama mkwe yamechoka, na pengine mtoto ashinde kwa jirani yao kule Naliendele mpaka akue kidogo. Kabla ya hapo Hafsa alikuwa akishinda kwa Bibi kila siku ya kazi. Niliporudi likizo nilikuta kikombe chake cha bati kimefunikwa juu ya kabati, na Bibi anazungumza na kuku.

Baba mdogo Hemedi ni mtu wa maabara, anapima mambo ya korosho, na haamini kitu mpaka akipime mara tatu. Jumamosi alikuja akaweka sharti.

"Mama, nitengenezee mdoli ambao siwezi kuung'oa kipande kwa mikono yangu miwili. Ijumaa baada ya swala nakuja kuujaribu. Ukishinda, Jumatatu Hafsa anarudi kwako."

"Na nikishindwa?"

Baba mdogo akaangalia viatu vyake. "Basi abaki kwa jirani, mama. Mwenzangu hana raha."

Alipoondoka, Bibi alinigeukia. "Mume wangu mdogo, si umesomea Kizungu huko bweni? Nitafutie kwenye simu mnyama anayefumwa bila kushonwa."

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Nilimpata mama mmoja wa Kizungu mwenye kucha ndefu, anayefuma mbuzi mzima kwa kipande kimoja. Anaanzia puani, anazunguka na kuzunguka mpaka kichwa kitokee, anabana shingoni, anapanua tumbo. Akifika kwenye mguu haufumi pembeni. Anaingiza sindano ya kroshia kwenye tumbo lenyewe, anavuta uzi, na mguu unaota hapohapo kama tawi. Masikio hivyohivyo. Ni kazi nzuri sana kuitazama, kama hutazami na Bibi.

"Msimamishe!"

Nikasimamisha.

"Mrudishe nyuma. Hapo alifanya nini?"

"Amepunguza vitanzi viwili, Bibi."

"Kwa nini?"

"Hajasema."

"Muulize."

"Bibi, huyu hasikii. Ni video."

"Sasa huko bweni mnafundishwa nini?"

Bando langu la wiki liliisha kabla mbuzi wa yule mama hajapata shingo.

Tatizo la pili lilikuwa mikono ya Bibi. Kwa miaka thelathini amefuma kofia za wanaume, zile nyeupe za kwenda nazo msikitini. Kofia inaanzia utosini, inapanuka mpaka itoshe kichwa, halafu inashuka wima. Pua ya mbuzi nayo inaanza vilevile kabisa, na hapo ndipo palipokuwa na balaa. Jumapili Bibi alianza pua, jirani mmoja akapita kumjulia hali, wakaongea, na vidole vyake vikaendelea na kazi vinayoijua. Maongezi yalipokwisha alikuwa amefuma utosi wa mtu mzima.

"Huyu mbuzi anaweza kwenda swala ya Ijumaa," nikasema.

"Fumua," akasema Bibi.

Mimi ndiye niliyefumua. Niliviringisha uzi ule mpaka kiganja kikawasha. Kufuma najua, alinifundisha mwenyewe nilipovunjika mguu darasa la nne, kwa hiyo sikuwa na kisingizio chochote. Rafiki zangu walikuwa ufukweni wanacheza mpira. Mimi, kiranja msaidizi, nilikuwa kibarazani nimeshikilia uzi wa kahawia kama mtumishi wa harusi.

Sasa lazima nieleze habari ya utani, maana ndiyo utetezi wangu wote. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na jambo hilo halina mjadala. Ananiita mume, namwita bi harusi mzee, na tunafanyiana visa ambavyo baba yangu asingethubutu hata kuvifikiria. Sheria ni moja tu: aliyefanyiwa akisema "nimeshindwa," mwenzake anafichua alichofanya, wote wanacheka, basi. Jumatatu hiyo alfajiri aliniamsha akipiga kelele kwamba basi la shule liko nje linapiga honi. Nilitoka mbio na sanduku kichwani, nimevaa kikoi na kiatu kimoja. Hapakuwa na basi. Palikuwa na Bibi, ameshika mlango kwa kicheko, na wanawake watatu waliokuwa wakienda kisimani.

Kisa kama hicho hakiachwi hivihivi.

Mtu anapofuma kwa kuzunguka haoni duara lilipoanzia, kwa hiyo Bibi hufunga uzi mwekundu kwenye kitanzi cha kwanza. Akiukuta, anajua amemaliza duara, anahesabu, anaendelea. Adhuhuri alipoingia ndani kuswali, mimi (Mola anisamehe) niliuchomoa ule uzi mwekundu nikausogeza vitanzi vitatu mbele.

Alirudi, akafuma, akahesabu.

"Vimezidi vitatu," akasema.

"Hee! Pole, bi harusi."

Akapunguza vitatu. Shingo ya mbuzi ikaanza kuelekea kushoto. Nilikwenda nyuma ya choo nikacheka mpaka kuku wakatawanyika. Nilisubiri aseme "nimeshindwa." Hakusema. Jumanne nikausogeza tena vitatu, Jumatano nikausogeza tena. Kila nikisogeza, mbuzi anapinda, Bibi anasema "fumua," na anayefumua ni mimi. Kufikia Jumatano nilikuwa nimefumua na kuviringisha mbuzi mmoja na nusu kwa sababu ya utani wangu mwenyewe. Niliuchukia utani wangu, nikamchukia mbuzi, nikamchukia na yule mama wa kucha ndefu. Lakini kuacha kabla Bibi hajasalimu amri? Mtu ana heshima yake.

Alhamisi sikugusa kitu. Nilimkuta Bibi amesimama mlangoni penye mwanga, amemleta mbuzi karibu na uso mpaka pua zao zinakaribiana.

"Idrisa."

Hakuniita mume. Nilipaswa kutambua hapohapo.

"Naam, Bibi."

"Njoo unitazamie. Nnaona uzi mwekundu uko hapa, usawa wa sikio. Jana niliufunga hapa au pale?"

Ilikuwa nafasi yangu. Ilikuwa pana kama uwanja wa mpira. Nikasema, "Hapohapo, Bibi, ulipoufunga."

Akatikisa kichwa taratibu, akakaa kwenye mkeka. "Basi Mwanahamisi alisema kweli."

Alinipa sindano. "Malizia wewe miguu. Muda wa kufumua tena haupo."

Nilifuma miguu minne Alhamisi nzima, nikiivuta kutoka tumboni kama yule mama alivyofanya, na sijawahi kukasirikia kitu kama nilivyoukasirikia mguu wa tatu, ambao ulikataa katakata kulingana na wenzake. Niliongeza mkia, nikajaza sufi, nikafunga tundu la mwisho. Muda wote Bibi aliketi pembeni amekunja mikono. Nilijiambia kwamba kesho mbuzi atashinda, Hafsa atarudi, na Bibi atasahau. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana, jambo ambalo lingenishtua kama ningekuwa na akili.

Ijumaa walifika kwa pikipiki, baba mdogo Hemedi na kanzu yake, mama mdogo Mwanahamisi, na Hafsa katikati. Bibi aliweka ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini, kwenye sinia. Hafsa alimwona mbuzi akasema "Mbuji!" na baba yake akamwinua mbuzi juu kabla meno hayajafika.

Alivuta sikio la kulia. Alivuta la kushoto. Aliushika mguu mmoja mmoja akauzungusha kama anakamua nguo. Alitoa koleo mfukoni, kweli kabisa, koleo, akaung'ang'ania mkia mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Mbuzi alirefuka, akarudi, akabaki mbuzi.

"Hana pa kuanzia kung'oka," akasema baba mdogo. Hata mama mdogo alitabasamu. "Mama, umeshinda."

"Mbuzi ameshinda," akasema Bibi. "Mimi nimeshindwa."

Akaweka kikombe cha bati mbele yao, kikiwa kimeoshwa. "Chukueni na hiki. Wiki nzima nahesabu vitanzi na kila siku nakosea. Uzi naufunga hapa, nauona pale. Mtu asiyeuona uzi alioufunga mwenyewe ataonaje anachoweka mtoto mdomoni? Mwanahamisi, mwanangu, ulikuwa na haki. Hafsa abaki kwa jirani."

Mama mdogo aliinama. Hakuonekana mtu aliyeshinda. Hafsa alikuwa amepanda mapajani kwa Bibi anamvuta ushungi. Na mimi? Nilikuwa na mng'oko mdomoni. Nilikuwa nautafuna.

Baba mdogo akiwa na jambo zito hushika kitu akakihesabu, ndivyo alivyo, na kilichokuwa mkononi mwake ni mbuzi. Niliuona ukucha wake ukitembea shingoni mwa mbuzi, kitanzi kwa kitanzi, midomo ikicheza. Akafika mwisho, akarudia. Akarudia mara ya tatu.

"Mama, ulifumua mara ngapi?"

"Mara nyingi. Tumbo nilifumua kila siku, lakini makosa ya hapo shingoni nilichoka, nikayaacha yalivyo."

"Hapa umepunguza vitatu. Hapa juu vitatu. Hapa tena vitatu." Alimweka mbuzi chini. "Mama, jicho bovu linakosea kimoja leo, vitano kesho, na siku nyingine halikosei. Hili limekosea vitatu, vitatu, vitatu, na upande uleule. Hilo si jicho. Hiyo ni akili ya mtu."

Hakuna aliyenitazama kwa sekunde nzima, kisha wote wakanitazama kwa mpigo, hata Hafsa.

Nilisimama. Nilikunja mikono nyuma kama ninavyofanya paredi ya asubuhi. "Ndugu wanafamilia," nikaanza, "kufuatia hali iliyojitokeza..."

"Idrisa," akasema Bibi. "Sema kama mtu."

Nikajaribu kumeza mng'oko, ukakataa, nikautema kiganjani.

"Ni mimi. Nilisogeza uzi mwekundu Jumatatu ulipokuwa unaswali, na Jumanne, na Jumatano. Vitatu vitatu. Nilidhani utasema umeshindwa tucheke."

"Na jana? Nilipokuuliza?"

"Jana nilikudanganya. Nilijua umeufunga pale."

"Na sasa hivi? Nilipokuwa nawakabidhi mtoto?"

Hapo sauti yangu ilitoka nyembamba, si ya kiranja wa chochote. "Nilikuwa nakula, Bibi. Niliona aibu kusema, nikaendelea kula. Kama baba mdogo asingehesabu, nisingesema."

Mama mdogo Mwanahamisi alivuta pumzi. Bibi aliinua mkono kumzuia. "Nijibu hili moja. Wiki hii nzima, umeniona nikikosea kuhesabu?"

"Hata mara moja. Kila ulipohesabu ulihesabu sawa, Bibi. Mimi ndiye niliyekuwa nakuharibia, na macho yako hayana kitu. Hata huo mguu uliozidi, wewe hukuugusa. Niliufuma mimi, nikiwa naona vizuri kabisa."

Mama mdogo akakisogeza kile kikombe cha bati mpaka mbele ya Bibi, akasema, "Basi Jumatatu, mama."