Wawili kwa Nusu Bei

Mkahawa wa Kifaransa ulifika Rubaya siku ya soko, ukakaa kati ya mashine ya kusaga mihogo na duka la Mama Mukandori, muuza bashi, yale maturubai ya kukinga mvua. Haukujengwa. Ukungu ulipoinuka asubuhi ulikuwa pale, na vitambaa vyeupe mezani, na mhudumu wa kizibao cheusi aliyekwisha kupanguza glasi zote. Mama Mukandori alilalamika kwamba unamzibia wateja. Mtoza kodi ya soko alikuja, akatoza, akaenda zake. Kilicholeta maneno ni kibao cha mlangoni: Jumamosi, wawili watakula kwa nusu bei, mradi mmoja wao awe marehemu. Vijana wasiooa walisema huo ni ubaguzi.

Béata alikisoma kibao, akaenda kuuza jogoo wake.

Mumewe, Ndagijimana, alikuwa chini ya mlima tangu msimu wa maharagwe uliopita, siku udongo ulipoporomoka ukawafunika wachimbaji wote wa shimo lao. Kabera, PDG wa shimo, ndivyo wenye mashimo wanavyoitwa huku, alisema kufukua maiti kutasimamisha kazi. Akaanza kuchimbisha pembeni. Nyuma ya nyumba, chini ya migomba, Béata alikuwa na kaburi tayari, analifunika kwa bashi kila mvua ikija. Bila kuzika, kilio hakiondoki, na kitambaa chake cheusi kilikuwa bado kichwani, jua limekichubua. Alitaka jambo moja tu: bwana wake aje alale kwake.

Kumwita alikwisha kumwita. Padri alisali juu ya udongo ule, mume hakupanda. Béata alilia hadi sauti ikakauka, hakupanda. Lakini mtu ukilala naye miaka unamjua, na Ndagijimana alikuwa mkono wa birika. Aliwahi kutembea kwa miguu hadi Sake kwa kuwa alisikia kule chumvi imeshuka. Jumamosi jua likielekea kuzama, Béata alisimama kwenye maporomoko ya udongo, akaweka mikono mdomoni, akamwita kwa jina la mtoto wao.

"Papa Niyigena! Kuko nusu bei!"

Udongo ukatikisika. Ndagijimana akatoka, akajikung'uta magoti.

"Nusu ya vyote, ao ya chakula tu?" akauliza. "Na kinywaji iko ndani?"

"Iko ndani."

"Basi twende. Mbona umekonda hivi, mama?"

Mhudumu aliwavutia viti, akatandika gazeti chini ya miguu ya Ndagijimana kwa ajili ya matope. Akaanza kuleta konokono.

"Hawa tunalala nao kule chini," akasema Ndagijimana, akiisukuma sahani. "Leo tena niwalipie?"

Supu ya vitunguu aliikubali, akaivuta fromaji, jibini ya juu yake, kwa meno hadi ikawa kamba. "Mama Niyigena, hii fromaji iko ya ng'ombe ya kwetu Masisi. Imeenda Ulaya, imerudi na kravati shingoni."

Béata akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba, na mbavu zilimuuma. Alimpenda mtu huyu, eh, pamoja na ubahili wake wote.

Bata alipoletwa, ndipo Béata akasema neno lake. "Tukimaliza twende nyumbani. Nimekuchimbia pazuri, karibu na papa yako."

"Pakavu?"

"Pakavu. Ninafunika na bashi."

"Bashi ya Mukandori? Alikupunguzia?"

"Papa Niyigena!"

Ndagijimana akaweka uma chini. "Ningependa sana," alisema polepole. "Lakini wenzangu wananingoja. Nimewaambia naenda karamu. Muntu hatoki karamuni mikono mitupu. Wewe njo ulinifundisha."

Kweli, ni yeye. Mwaka ule wa ndoa yao Ndagijimana alirudi kutoka arusi ya jirani yao Gisubizo, ameshiba mbuzi, hana hata kipande cha waliobaki nyumbani, na Béata akamfungia mlango mpaka asubuhi. Tangu hapo hakula popote pasipo kubeba.

"Wapelekee, halafu urudi."

"Nikishuka, ninakamata kazi. Hakuna mwenye alituambia tutoke, mama. Tunachimba bado."

Kwenye meza ya dirishani aliketi PDG Kabera, peke yake, kwa bei kamili. Wafu alikuwa nao wengi, ila hakuna aliyekubali kula naye. Aligeuka, akainua glasi.

"Ndagijimana! Kazi ya chini iko muzuri. Usichelewe."

"Papa PDG," akasema Béata, "bwana yangu nitamuzika lini?"

Kabera alikuwa mtu wa adabu. Alipanguza mdomo kwanza. "Pole sana, mama. Madini iko karibu kwisha. Na hawa njo wachimbaji wangu wazuri: hawakohoi, hawagomi." Akarudia nyama yake.

Hasira ilimpanda Béata hadi masikioni. Mhudumu alikuwa anaunguza sukari juu ya krimu, hakutazama. Ndagijimana alikuwa anajaza mikate mfukoni, na mfuko umetoboka.

"Leta hapa," akasema Béata. Akafungua kitambaa cheusi kichwani, akakitandaza mezani, akapanga mikate, fromaji, na paja la bata ambalo hakuligusa. Akafunga fundo. "Byukusenge mwenzako umupe mukate ya katikati, yenye kuwa laini. Meno yake iko mabaya."

Alimsindikiza hadi kwenye maporomoko, akamtazama akishuka, fundo likiingia mwisho.

Nyumbani mama mkwe wake, Mukamurenzi, alikuwa anaota moto. Aliona kichwa kitupu.

"Umeondoa kilio?"

"Hapana, mama. Kitambaa amebebea chakula."

"Alishiba?"

"Alishiba."

Mvua ikaanza. Béata akatoka kwenda kufunika kaburi.

Jumamosi iliyofuata wajane walijaa kwenye maporomoko, kila mmoja akiita bei. PDG Kabera aliongeza walinzi, ili kila mchimbaji arudi kazini kwa wakati. Béata alikuja na kikapu, kwa kuwa kitambaa hakikuwatosha watu wote wa kule chini.