Wimbo wa Lokwang

Mume wangu Ekidor ana wake wawili: mimi Asekon, na maksai wake mweupe, Lokwang. Nani anapendwa zaidi? Njoo jioni umwone akiinua mikono juu kama pembe, akimwimbia. Hata jina amelichukua kwake, kama wanaume wetu wanavyofanya. Watu wanamwita Apalokwang, yaani baba Lokwang. Mimi katika wimbo huo simo hata kidogo.

Juzi afisa wa mazingira, Cheruiyot, alitoka mjini Lodwar akatukuta kijijini kwetu Lopur. Tukasalimiana kwa Kiturkana, ejok, akaanza kutueleza gesi zinazopasha dunia joto. Nyingine zinatoka zenyewe kwenye vinamasi na vichuguu vya mchwa. Nyingine tunazitoa sisi: magari, mkaa, hata ng'ombe akicheua.

"Za asili tumwachie Mungu," akasema. "Za binadamu, chagueni moja mpunguze hapa kijijini."

Kabla sijakaa vizuri, Ekidor akaruka. "Mkaa! Tanuru la mke wangu linatoa moshi kutwa!"

Nusura nimtupie kiatu. Maziwa ya ng'ombe yakikauka, ni tanuru hilo linalolisha watoto wake, na anajua!

"Si amesema na ng'ombe?" nikauliza.

"Ng'ombe ni asili!" akafoka. "Wameumbwa na Akuj, Mungu wetu!"

"Wa kufugwa wako upande wa binadamu, mzee," afisa akasema.

"Hapana!"

Nikasimama. "Sikiliza, Apalokwang. Kila jioni unaimba kwamba wewe na Lokwang ni kitu kimoja. Kama leo yeye hayuko upande wa binadamu, basi vua hilo jina hapa hapa, turudi kukuita Ekidor."

Lo! Watu wakavunjika mbavu. Mwanamume wa Kiturkana avue jina la maksai wake? Afadhali avue nguo.

"Andika ng'ombe upande wa binadamu," Ekidor akamwambia afisa. "Nitapunguza maksai wangu wazee. Lokwang abaki." Akanitupia jicho. "Na tanuru libaki."

Sikumshukuru. Nilikuwa bado nimefura, nikaondoka zangu.

Jioni nilikuwa napanga kuni kwenye tanuru nikamsikia anaanza. Pembe za Lokwang, nundu ya Lokwang, mambo yale yale ya kila siku. Halafu likaja neno jipya: "Na Asekon wangu wa mkaa, mkali kuliko pembe."

Mjinga yule, machozi yakanitoka. Watoto waliponiuliza nikasingizia moshi, na tanuru lilikuwa halijawashwa.