Machicha ya Dawa ya Bibi Nunu

Bibi Nunu alipoteza sauti asubuhi, baada ya simu. Simu hiyo niliipokea mimi. Mwanamume mwenye lafudhi ya kwetu, Tabora, aliomba kuongea na Bibi, nami sikuuliza zaidi kwa sababu kuuliza haikuwa kazi yangu. Bibi aliuweka mkono wa simu sikioni, akasikiliza, akaurudisha mahali pake. Alipofungua mdomo aniagize chai, hakikutoka kitu.

Hospitali walimmulika koo wakasema ni zima. Wiki zikapita. Bibi akawa anagonga kikombe kwa kijiko anaponihitaji.

Ilikuwa mwaka 1999, na mimi nilikuwa nimeshazoea kazi katika nyumba yao ya Darsait, Uarabuni. Nilimpenda Bibi. Ni yeye peke yake pale ndani aliyeniita mwanangu. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja mjini, na watu wote walijua kwamba kwao ni mtaa wa Malindi huko huko, nyumba yenye mlango wa nakshi. Kiswahili changu alikuwa akikicheka.

"Nyie watu wa bara," alikuwa akisema, "mnasema kama mnapasua kuni."

Mwanawe, Suud, alisikia kazini kwamba yuko daktari wa Kichina huko Ruwi, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Nilikwenda nao kwa sababu Bibi hapandi ngazi bila mkono wa kushika. Daktari alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi. Ukuta mzima nyuma yake ulikuwa wa saraka ndogo ndogo za mbao, na chumba kilinuka kama kabati la marehemu likifunguliwa. Kiarabu chake kilikuwa cha vipande vipande. Suud alikuwa akitutafsiria.

Kabla ya kumgusa Bibi, alitandika kitambaa chepesi cha hariri juu ya mkono wake, ndipo akaweka vidole vitatu. Alisema ndivyo walivyofanya waganga wa kwao zamani sana, walipoitwa kuwatibu wanawake wa majumba ya wafalme, ngozi isiguse ngozi. Bibi alipenda. Nilimwona akikaa wima. Daktari alisikiliza mshipa wa mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kwanza kwa wepesi kama mtu anayejaribu maji ya moto, halafu kwa kukandamiza. Akatazama ulimi. Akarudia mshipa mpaka Suud akaanza kuangalia saa yake.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Suud akasema hajafa mtu. Daktari alimtazama Bibi, hakumtazama Suud. Alieleza kwamba katika vitabu vya kale vya kwao hasira hukaa kwenye ini, hofu kwenye figo, na huzuni hukaa mapafuni. Huzuni isipotoka kwa machozi huufunga mlango wa sauti. Bibi alikuwa akikitazama kile kitambaa cha hariri. Mimi niliikumbuka ile simu, lakini sikuwa mtu wa kusema mbele ya wanaume.

Alitupa dawa katika mafungu ya karatasi: mizizi, maganda ya miti, vijiti vitamu vya urukususu, na juu yake magamba ya nyenje, wale wadudu wanaolia mitini jua likiwa kali. Kila gamba lilikuwa zima, lina miguu yake na macho yake, ila ndani tupu, na mgongoni kuna ufa alipotokea mwenyewe. Daktari alisema mdudu huyo ana sauti kubwa kuliko mwili wake, ndiyo maana gamba lake hupewa aliyepoteza yake.

Dawa ichemshwe kwenye chungu cha udongo, isiguse chuma. Na machicha yake yasitupwe jaani. Yamwagwe njiani wanapopita watu, ili miguu ya wapitaji iusage ugonjwa. Tena zamani, alisema, mganga mwingine akiyakuta machicha njiani huinama akayasoma, na akiona dawa imekosewa huenda kubisha hodi kwa mgonjwa.

Ndani ya gari nilimwambia Suud kwamba kwetu kitu kilichomwagwa njia panda hakikanyagwi. Akacheka.

"Haya ya Uchina, Semeni, si ya kwenu."

Kesho yake akasafiri kikazi kwenda Salalah. Mkewe, Raghad, mtu wa Nizwa asiyejua Kiswahili, alikuwa ameambiwa kwamba nitachemsha dawa. Habari ya machicha Suud hakumwambia. Nadhani aliona haya.

Niliyamwaga mchana, nikishaosha vyombo. Saa hizo Darsait yote imelala. Gereji zimeshusha milango, jua ni jeupe, njiani hamna hata paka. Nyuma ya nyumba njia mbili zilikuwa zinakutana, nikamwaga hapo. Magamba ya nyenje yalibaki juu ya lundo, yameelekea nyumba.

Saa hizo hizo ndipo nilipoanza kusikia wimbo. Ulitoka chumbani kwa Bibi, wa mtu anayeimba amefumba mdomo. Niliujua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiuimba kwa Kinyamwezi akipura mtama nyuma ya nyumba. Nilifungua mlango polepole. Bibi Nunu amelala chali, midomo imekutana, na wimbo umenyamaza. Nikafunga mlango. Ukaanza tena, pale pale ulipoachia.

Kila mchana ulikuwa vile. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani?

Aliyeyaona machicha ni Bi Shariffa, jirani yetu, mzaliwa wa Unguja. Alikanyaga gamba likalia chini ya kiatu. Akaja jikoni kiatu mkononi, mguu mmoja peku.

"We mtoto, unamwaga nini njia panda watu wakilala?"

Nikamwambia ni dawa ya Bibi.

"Dawa ina macho?"

Alikwenda kwa Raghad wakasema kwa Kiarabu. Nililisikia neno sihri, uchawi. Neno hilo kila mfanyakazi wa ndani analijua kabla hajajua neno la mkate. Raghad aliunganisha mambo: mama mkwe amepoteza sauti, mimi ndiye ninayempelekea chakula, na wadudu wako njia panda. Alikwenda kumuuliza Bibi kama nimemdhuru. Bibi akatikisa kichwa kwa nguvu, akanishika mkono asiuachie. Hapo ndipo ilipoharibika kabisa.

"Unaona," Raghad alimwambia Shariffa kwa Kiarabu, nami hicho cha nyumbani nilikielewa, "hata mkono wake si wake tena."

Walimpigia Suud simu wasimpate. Raghad akaitoa pasi yangu ya kusafiria kabatini, akaiweka mezani, akasema ataita shekhe kwanza, na baada ya shekhe, polisi. Polisi niliwaogopa, lakini zaidi niliogopa kwetu. Kwetu mtu akishaitwa mchawi, jina linafika kabla yake. Mama Limi, jirani yetu kijijini, lilimfika akiwa shambani, na hakurudi kutoka shambani.

Shekhe alikuja baada ya alasiri. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu nyeupe. Alituketisha mkekani, mimi na Bibi, magoti yakikaribiana, akaanza kusoma. Raghad na Bi Shariffa walisimama mlangoni. Nilikuwa nikiomba moyoni Bibi apate sauti, neno moja tu, aseme kwamba mimi sina kosa.

Bibi akafungua mdomo. Sauti ikatoka.

Haikuwa ya mzee. Ilikuwa ya mtoto wa kike, nyembamba, inayotetemeka, na ilisema Kinyamwezi. Ilimwita mdogo wake, Kalekwa. Iliuliza, Kalekwa, bado umesimama stesheni? Nilikuona dirishani ukikimbia na treni. Baba alisema wewe si damu yake. Nikamwambia mama, mayu, nitarudi kumchukua. Bado umesimama? Wamenipigia simu wanasema umekufa, na mimi sijaja.

Macho yake yalikuwa kwangu. Shekhe aliacha kusoma.

Pale mkekani ni mimi peke yangu niliyeelewa. Na nilielewa na jingine: sauti ile iliyotoka kwa Bibi ilikuwa ya kwetu, na nikiijibu, wataona ndimi niliyeitia, nitakuwa nimejifunga mwenyewe. Ningeweza kuinamisha kichwa. Ningeweza kufanya kama ninavyofanya siku zote watu wakubwa wakisema. Lakini mtoto yule aliuliza tena, bado umesimama, na kifua cha Bibi kilikuwa kinapanda hakishuki, kama mtu anayezama.

Nikamjibu kwa Kinyamwezi. Nikamwambia, dada, niliondoka stesheni siku ile ile. Nilirudi nyumbani, nikaolewa, nikazaa. Sijasimama.

Sijui kama ni kweli. Kalekwa sikumjua.

Bibi alilia. Alilia kwa sauti, kilio cha msiba hasa, akajitupa mapajani kwangu, na kadiri alivyolia, sauti ilikuwa inakua, inazeeka, mpaka ikawa yake. Shekhe alifunga msahafu akaomba maji. Nilipoinua macho, Raghad alikuwa ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Suud alirudi kesho yake. Habari ya machicha alikiri mara moja, akamkemea mkewe mbele yangu, akasema ni agizo la daktari na yeye ndiye aliyelitafsiri. Raghad alimsikiliza hadi mwisho.

"Na ile lugha?" akauliza.

Suud akamgeukia mama yake. Bibi alikuwa ameketi anakunywa kahawa, tasbihi mkononi. Nilimtazama. Nilingoja aseme sentensi moja tu: Mama yangu alikuwa Mnyamwezi. Sauti alikuwa nayo sasa, na dawa iliyoirudisha alikuwa ameinywa kwa mkono wangu.

"Lugha gani hiyo?" Bibi akasema, kwa Kiunguja safi kabisa. "Miye nnaijulia wapi, mwanangu? Miye mtu wa Malindi." Akanywa kahawa. "Kijana hana ubaya. Msimpeleke polisi. Mrudisheni kwao tu."

Suud akaniuliza kama ninajua lolote. Nililiona koo la Bibi likipanda na kushuka, kavu. Nikisema sitaaminiwa, na nikiaminiwa, mlango ule utafungwa tena, na safari hii hakuna gamba la mdudu litakaloufungua.

"Sijui, baba," nikasema.

Tiketi ilipatikana. Raghad hakula tena chochote nilichokigusa. Mchana nyumba ikilala nilikuwa nikitega sikio mlangoni kwa Bibi, na nilichosikia ni mkoromo wa mzee aliyelala vizuri.

Siku ya kuondoka Bibi alitoka hadi kwenye gari peke yake, bila mkono wa kumshika. Raghad alikuwa dirishani. Bibi akanitengeneza ushungi kama ninavyotengenezwa na mama yangu, akausogeza mdomo sikioni kwangu, akasema kwa Kinyamwezi, taratibu, kwa sauti yake ya uzee:

"Usisimame juani, mdogo wangu. Sitarudi."

Nikaingia garini. Akarudi nyuma, akampigia mwanawe kelele kwa Kiarabu, kwa sauti iliyofika hadi kwa Bi Shariffa, awashe gari, mtoto asije akachelewa.