Bei ya Unga wa Mwalimu Isdori

Scola alisafiri siku nne kwa ajili ya neno moja tu: hatununui. Alipanda ndege mpaka Dar es Salaam, treni mpaka Tunduma, halafu basi ambalo abiria walilisukuma mara tatu kwenye tope la Januari kabla halijafika Laela, na njia nzima neno hilo lilikuwa likimkera. Lilikuwa limeandikwa na baba yake mzazi, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu mstaafu, kwenye fomu iliyomnyima nyongeza ya mshahara.

Scola alikuwa mhudumu wa ndege katika shirika moja la huko Ghuba. Mtaani kwao Chanji, mjini Sumbawanga, hilo peke yake lilitosha kumfanya tajiri. Mtu anaruka juu ya mawingu, atakosaje hela? Walikwisha kumwona kwenye picha, kofia nyekundu kichwani na rangi kwenye kucha, mjadala ukaishia hapo. Hawakujua kwamba shirika lile liliwalipa watu wake kwa kuangalia pasipoti. Binti wa Kizungu aliyelala naye chumba kimoja, aliyeajiriwa naye wiki moja, alilipwa mara tatu yake. Na walisukuma toroli moja, huyu mbele, yule nyuma! Walisimama saa tisa kwenye njia moja nyembamba, wakatukanwa na abiria walewale. Mkate waliununua duka moja, na mwenye duka hakumwuliza mtu kwao ni wapi. Soksi za nailoni na rangi ya midomo walikatwa kwenye mshahara, na hapo kwenye kukatwa ndipo walipokuwa sawasawa kabisa.

Alipokwenda kuuliza, bwana mmoja wa ofisini alimjibu kwa upole wa kumweleza mtoto. Kwenu maisha ni rahisi, alimwambia. Kama unabisha, leta ushahidi. Akampa fomu ya kujazwa na mzazi na kugongwa mhuri wa serikali ya nyumbani. Gharama za kwao zikionekana kubwa, mkataba mpya ungempandisha daraja. Zikionekana ndogo, angekaa miaka mitatu mingine kwenye mshahara uleule.

Fomu ikatumwa Sumbawanga, ikarudi. Unga: hatununui. Maharage: hatununui. Mboga: tunalima. Nyama: tunafuga. Kodi ya nyumba: ni yangu mwenyewe. Shirika likamwandikia Scola barua ya kumpongeza kwa kuwa na familia inayojitegemea. Kumpongeza! Alilia kwa hasira, kisha akaomba fomu nyingine na likizo ya kuipeleka mwenyewe. Walimwambia wanaitaka kabla ya mwisho wa mwezi.

Sasa alikuwa amekaa sebuleni, miguu imevimba, hata maji hajamaliza kunywa.

"Baba, shikamoo yangu umeipokea," alisema. "Sasa niambie. Kwa nini uliniandikia vile?"

Mwalimu Isdori alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Niliandika ilivyo. Sisi ni wakulima. Tangu lini Mfipa akanunua unga?"

"Tangu mwaka juzi," sauti ikajibu kutoka jikoni. Mama yake, Redempta, alitoka na mwiko mkononi. Hakuwa mtu wa kuingilia maneno ya mumewe, na sasa alipoingilia alisema yote. "Mwambie mtoto. Mwambie kihenge kimekauka tangu Novemba. Mbolea ilipokuwa ya ruzuku tulivuna gunia thelathini. Ruzuku wameiondoa, wanasema soko huria, na gunia moja la mahindi halinunui mfuko mmoja wa mbolea. Tumelima bila mbolea, tumevuna gunia saba. Hela anayotuma Scola mimi ninaipeleka dukani kwa Abdillah kule Majengo, ninarudi na kiroba cha unga nimekifunika kwa kitenge majirani wasinione. Hiyo nyama tunayofuga iko wapi? Kuku wawili!"

Scola alimtazama baba yake. Tangu utoto wake hakuwahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfukuza mgeni.

"Sikuweza," mzee alisema hatimaye. "Mhuri uko kwa Evaristi, mtendaji wa kata. Nilimfundisha mimi darasa la pili. Nimpelekee karatasi inayosema Mwalimu Isdori ananunua kula yake dukani, kama mtu asiye na shamba?"

Aibu hiyo Scola aliielewa, maana ilikuwa ya nyumba nzima, lakini hakuionea huruma. Alikuwa na mkataba wa kusaini mwezi wa tatu. "Kesho tunakwenda wote," alisema. "Utaandika kweli."

Asubuhi walianzia dukani Majengo. Abdillah aliwatajia bei ya kila kitu: unga, sukari, mafuta ya taa, sabuni ya mche. Alizitaja taratibu, bila kumtazama mzee usoni, kwa adabu ya mtu aliyejua siku zote ni nani anayekula kile kiroba cha kitenge. Kisha wakaenda ofisi ya kata. Evaristi aliruka kutoka kitini.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba. Naomba nafasi ya kuandikia."

Akapewa meza ya mtendaji mwenyewe. Watu wanne walikuwa kwenye benchi wakisubiri huduma, na wote walimgeukia. Mwalimu Isdori alikuwa na mazoea ya kusema kwa sauti kila anachoandika, mazoea ya miaka thelathini ubaoni, na siku ile hakuweza kuyaacha. "Unga," alisema. "Tunanunua." Akashuka mstari. "Maharage. Tunanunua." Mama mmoja kwenye benchi aliinamisha kichwa. Kulikuwa na nafasi ya kuandika gharama za sinema, kulikuwa na ya dobi. Ya mbolea haikuwapo. Ya kuchangia matibabu hospitalini haikuwapo, wala ya ada ya shule. Alitafuta mbele na nyuma, akakosa pa kuyaandika.

Scola alisimama nyuma yake akitazama shingo ya baba yake, nyembamba kuliko alivyoiacha. Hiki ndicho alichokitaka, na kilikuwa kinamchoma.

Mzee aliweka kalamu chini. "Scola. Yule mwenzako Mzungu, baba yake aliandika anakula nini?"

"Hakuandika, baba."

"Ana mashamba?"

"Sijui. Hawakupewa fomu. Wao hawaulizwi."

"Hawaulizwi," mzee alirudia. Alivua miwani. "Kwa hiyo mimi nimeitwa hapa, mbele ya watu, nitaje njaa yangu, ili wajue miguu yako inauma kiasi gani?"

Scola aliitazama ile fomu mezani. Hasira aliyoipakia siku nne ilikuwa imemlenga mtu asiyehusika. Alikuwa amempigia kelele baba yake kwa kuficha njaa, wakati waliomtaka aiuze njaa hiyo wamekaa kwenye viti vya kuzunguka na hawajui hata Sumbawanga iko upande gani. Na kama unga wa Abdillah ungeonekana ghali, wangempa nini? Robo? Wangemwongezea robo, wakamwandikia barua nyingine ya pongezi!

"Ukisema nimalizie, namalizia," mzee alisema. "Ni kazi yako, mwanangu."

Scola aliichukua fomu, akaigeuza nyuma kulikokuwa kweupe. Akavuta kalamu. Aliandika akiwa amesimama, kwa haraka, Kiingereza chake kikikwaruza karatasi. Aliandika saa alizofanya kazi mwezi uliopita. Aliandika idadi ya milango aliyoifunga, na abiria wangapi angewatoa nje ndege ikiungua, idadi ileile ya mwenzake. Akatia sahihi, akampa baba yake. Mzee aliisoma yote, akachukua kalamu, akatia sahihi yake chini ya ile ya binti yake.

"Watakufukuza," alisema.

"Huenda."

"Mama yako atanunua nini kwa Abdillah?"

"Sijui, baba."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kisha akamsogezea mtendaji ile karatasi. Evaristi aliigeuzageuza. "Lakini Mwalimu, hapa hapajajazwa. Nitagongaje mhuri wa serikali kwenye kitu kama hiki?"

"Nilikufundisha kusoma. Soma."

Evaristi alisoma, midomo ikicheza. Alipofika mstari wa mwisho aliusoma kwa sauti, akiutafsiri neno kwa neno ili benchi nzima isikie: "Mkitaka kujua baba yangu anakula nini, mwulizeni kwanza na baba wa mwenzangu Mzungu."

Akafungua droo, akatoa mhuri, akaupulizia, akagonga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.